Meno ya Njeru

Kwenye kaunta ya duka langu kuna kipande cha sabuni, ile ya kufulia, ya mche, na wateja wageni hudhani ni ya kunawa mikono. Wakiigusa nawakemea. Kile ni chombo cha kazi kama spana.

Nauza spea zilizotumika. Nimeuza kwenye barabara hii ya Nairobi, ambayo sisi wa zamani bado tunaiita Grogani, tangu wakati ambapo wanaume walikuwa wakiingia na kuniuliza mwenye duka yuko wapi. Mwenye duka ni mimi. Shule nilifika darasa la nne, na sioni haya kulisema, maana wenye digrii hunijia hapa wameshika mapande ya chuma, wakiniuliza kama hiki kitaingia kwa kile.

Wiki jana alikuja kijana mmoja, viatu vyeupe, akanyoosha simu.

"Sasa mathe. Nataka pleti ya klachi ya hii gari."

Nikatazama. Gari limeoshwa, limepigwa picha likiwa limeegeshwa mbele ya maua.

"Hii ni picha ya uchumba," nikamwambia. "Pleti ya zamani iko wapi?"

"Fundi alitupa. Lakini modeli si unaiona, na mwaka nimekuambia."

"Mwaka hauingii kwa shafti."

Nikamkatia sabuni. Nikamweleza ailainishe kwa maji ya moto, aikandamize kwenye meno ya shafti, izunguke yote, kisha aniletee ile alama. Akacheka sana. "Niko na simu ya kamera tatu, mathe, na unanipatia sabuni." Lakini akaenda nayo.

Alipotoka nilinusa vidole vyangu. Sabuni na oili ya gia, zimechanganyika. Baba yangu nilimzika mwezi uliopita, na kwa siku zote zile za matanga sikulia, watu wakasema huyu mama ni mgumu kama jiwe. Harufu ile ndiyo iliyonikalisha kitini. Nilifunga duka mchana, jambo ambalo silifanyi hata nikiwa na homa.

Tulikuwa tunakaa Satellite, pembeni mwa Nairobi, wakati Satellite ilikuwa bado mahindi na njia ya matope. Baba alikuwa na ng'ombe, akawauza wote akanunua pikapu kuukuu ya rangi nyeupe, na kwa sababu ng'ombe wa mwisho kuuzwa aliitwa Njeru, yaani mweupe, pikapu nayo ikaitwa Njeru. Mtu wa rika langu ataelewa. Mali ilikuwa ni kitu cha kulisha asubuhi. Baba aliamka, akampa Njeru maji, akamtazama oili, akampiga shavuni kwa kiganja, na Njeru akakohoa mara tatu kisha akawaka. Mimi sikuwa na shaka kwamba ni mnyama. Alikunywa, alikohoa, alikuwa na macho mawili, na Baba aliongea naye kuliko alivyoongea na sisi.

Kazi ya Njeru ilikuwa kubeba sukuma wiki, mayai na maziwa kwenda Karen, mtaa wa matajiri, kwenye nyumba kubwa za ua mrefu, na hasa kwenye nyumba moja ya wageni ambako mpishi mkuu alikuwa ametuzoea. Chakula chetu kilitoka hapo. Sare yangu ya shule ilitoka hapo.

Nyumbani alikuwepo pia Cucu, mama yake Baba. Cucu alikuwa na mbuzi, na sitawaambia walikuwa wangapi kwa sababu hakuna aliyejua. Jioni hakuwahesabu. Aliwaita majina mmoja mmoja wakiingia, na asiyeitika akafuatwa. Ukimuuliza, "Cucu, mbuzi wako ni wangapi?" alijibu, "Wapo." Ukimuuliza watoto wa nyumba hii ni wangapi, "Wapo." Meno yangu ya utotoni yalipoanza kutoka, nikawa naweka kidole mdomoni nihesabu yaliyobaki, akanipiga mkono. Kitu chenye uhai hakihesabiwi. Ukikihesabu umekionyesha kwa anayekitafuta.

Mngesema ni maneno ya wazee tu. Hata mimi ningesema hivyo. Lakini alipita mtu mmoja wa kitabu akiandika watu, Mama akatupanga mlangoni, na yule mtu akatugusa vichwa kwa kalamu: mmoja, wawili, watatu, wanne. Wa kwanza mimi. Wa nne Kamau, mdogo wetu, aliyekuwa bado mgongoni. Mahindi hayajabeba, Kamau akashikwa na kifua akafa. Cucu hakupiga kelele. Alikaa jikoni akasema neno moja tu, "Aliwahesabu," na mimi nilikuwa nimekaa karibu naye, nikaliweka neno hilo mahali ambapo mwalimu hangeweza kulifikia.

Sasa sikilizeni yaliyofuata.

Njeru alikufa klachi katikati ya wiki. Injini inanguruma, gari haliendi. Wanaume wawili majirani wakasaidia kulisukuma hadi nyumbani, na Baba akateremsha giaboksi peke yake, kifuani, amelala kwenye gunia. Kwa asiyejua: pleti ya klachi ni sahani ya chuma yenye tundu katikati, na ndani ya tundu kuna meno madogo. Meno hayo yanashikana na meno ya shafti inayotoka kwa giaboksi. Yakilingana, inateleza na kuingia kama mkono kwa mfuko. Jino moja likizidi, haiingii, hata ulie.

Pleti yetu ilikuwa imeliwa katikati. Meno yote yamekuwa laini kama sarafu ya zamani. Kwa hiyo kuibeba kwenda nayo mjini hakukuwa na faida ya kutosha. Upana ungeonekana, meno hapana. Ya kuhesabiwa yalikuwa meno ya shafti, pale chini, kwenye giaboksi. Yalikuwa membamba na yamebanana, na macho ya Baba ya karibu yalikuwa yameanza kumwacha. Mtu aliye ng'ambo ya shamba alimtambua kwa mwendo, lakini sindano hakuweza kuitia uzi.

Akaniita. "Njoki, kuja hapa. Wewe ndiye mwalimu wa hii nyumba. Nihesabie haya meno ya Njeru."

Nilikuwa darasa la tatu. Nilikuwa naweza kuhesabu hadi mia mbili bila kupumzika. Nikapiga magoti kwenye mafuta, Baba akashika giaboksi isibiringike, na nikaona meno yenyewe. Yaling'aa. Yalikuwa na joto la jua, na mimi nikadhani ni joto lake Njeru. Alikuwa mgonjwa tayari, amefunguliwa tumbo, na mimi ndiye niliyeambiwa nimhesabu.

"Kwa sauti," Baba akasema.

Nikahesabu kwa sauti. Mdomo ukawa unasema moja, mbili, tatu, na kidole kinapita juu ya meno, lakini kidole kilikwenda njia yake na mdomo njia yake. Nilihakikisha havikutani. Kidole kiliruka, kikarudi, kikasimama. Niliangalia pembeni, kwenye ua. Pumzi iliponiishia nilikuwa nimefika ishirini na moja, nikanyamaza hapo.

"Ishirini na moja?"

"Ishirini na moja."

Baba akanyanyuka, akafuta mikono kwenye suruali, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo naiona hadi leo. "Basi ni hiyo," akasema. Na mimi nikafurahi pia, nisidanganye. Nilikuwa nimemwokoa Njeru na nimempendeza Baba, yote mawili kwa pumzi moja.

Siku ya pili yake ilikuwa Ijumaa. Mpishi wa Karen alikuwa ametuma mtu na maneno yasiyo na kona: Jumamosi kuna harusi pale, wageni wengi, mboga zifike asubuhi na mapema, na kama gari halitengenezeki basi kuna mtu mwingine mwenye gari, na huyo ataendelea hata baada ya harusi. Baba hakutuambia hivyo sisi. Alimwambia Mama, na mimi nilikuwa na masikio.

Tukapata lifti ya lori la mchanga hadi mjini. Nilivaa sare ya shule ingawa sikwenda shule. Baba ndiye aliyetaka. Tukaingia duka la mtu aliyeitwa Barasa, mtu mkubwa wa magharibi ya nchi, mwenye aproni ya turubai, na pleti zake zilikuwa zimetundikwa kwenye misumari ukutani, kuukuu zote, kama sahani za hoteli iliyofungwa. Harufu ya mle ndani ndiyo hii ninayokaa nayo maisha yangu yote.

Barasa akachukua ile pleti yetu iliyoliwa, akapima upana kwa vidole, akatikisa kichwa.

"Upana ninao. Meno ni ngapi?"

"Ishirini na moja," akasema Baba.

"Nani amehesabu?"

"Mtoto wangu huyu. Yuko darasa la tatu, wa kwanza kwa darasa."

Sikuwa wa kwanza. Nilikuwa wa sita.

Barasa akainama hadi uso wake ukawa usawa na wangu. Hakuwa mkali. "Mama," akaniambia, kama watu wa kwao wanavyowaita wasichana wadogo kwa heshima, "ulihesabu mara ngapi?"

"Mara moja."

"Na ulianzia wapi? Uliweka alama ya chaki? Maana haya meno yamezunguka kama shanga shingoni. Bila alama utajuaje umefika pale ulipoanzia?"

Nikatazama viatu vyangu. Vilikuwa na vumbi la mchanga wa lori.

"Nilijua," nikasema.

"Barasa," Baba akasema, "unauza ama unafanya kazi ya polisi?"

"Nauza, mzee wangu. Lakini hii kitu ni ya kufungua gari lote. Kuna ya ishirini, kuna ya ishirini na moja, kuna ya ishirini na tatu, na kwa macho zote ni ndugu. Fanya hivi. Rudi nyumbani, chukua sabuni ya kufulia, ilainishe na maji moto, ikandamize pale kwa shafti. Meno yatabaki kwa sabuni. Uniletee kesho, tutalinganisha hapa hapa."

"Kesho ni harusi."

"Basi leo jioni. Nitakungoja."

Lori lilikuwa limeondoka. Kwenda Satellite na kurudi ilikuwa ni siku yote, na pleti ingebaki kufungwa gizani. Lakini si hiyo iliyomzuia. Nilimwona. Baba aliweka mkono wake kichwani mwangu, mkono mzito wenye oili kwenye mistari, akasema polepole, kama mtu anayesoma kiapo: "Mimi sikwenda shule. Huyu anakwenda. Akisema ishirini na moja, ni ishirini na moja."

Mkono ule ulikuwa kichwani mwangu. Ningeweza kusema. Maneno yalikuwa mawili tu: Baba, sikuhesabu. Nimeshindana na madalali, nimeshindana na watu wa kanjo, wale askari wa jiji, nimesimama kortini bila wakili, na sijawahi kushindwa na maneno mawili isipokuwa siku ile. Kama ningesema, ule mkono ungeondoka.

Barasa akaitoa pleti kwenye msumari. Akaifunga kwa gazeti. "Nakupa. Lakini sikia, mzee. Ikikataa, usilazimishe. Nirudishie, nitakubadilishia, hata ikiwa na oili."

Tulifika nyumbani jua likiwa limepita utosi. Kwa haraka Baba akaifunga pleti kwenye injini bila kuijaribu kwanza kwenye shafti. Majirani wawili wakaja, wakainua giaboksi, Baba chini akielekeza. Shafti ikasogea, ikagusa, ikaingia kama nusu ya ukucha, ikakataa. Wakaizungusha. Ikakataa. Wakaishusha, wakapumzika, wakainua tena. Baba alidhani ni yeye hajainyoosha. Alisema, "Ni mimi, ni mimi, nimeinamisha," akajaribu tena, na tena, mgongo wake umelowa. Sikuwahi kumwona akijilaumu kabla ya hapo. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye matairi, nashika kopo la bolti.

"Baba," nikamwita.

"Nini?"

"Chai imepoa."

Hicho ndicho nilichoweza kutoa.

Halafu jirani mmoja akasema tuivute na bolti. Yaani unaingiza bolti zile za kushikilia giaboksi, unakaza moja baada ya nyingine, nguvu ya chuma iilazimishe iingie. Mafundi wa haraka hufanya hivyo hadi leo, na mimi huwafukuza dukani. Baba akachukua bolti moja kwenye kopo langu. Nilijua anafikiria maneno ya Barasa, kwa sababu na mimi nilikuwa nayafikiria. Kisha akatazama jua, akatazama njia ya kwenda Karen, akasema, "Leta spana."

Akakaza. Spana ikawa inalia. Nikahesabu mizunguko moyoni bila kutaka. Kisha ukatoka mlio mmoja mkavu, kama mtu anapovunja mfupa wa supu, na sikio la giaboksi, pale linaposhikwa na injini, likapasuka hadi ndani.

Majirani waliteremsha giaboksi polepole, wakanawa, wakaaga kwa sauti ya msibani.

Baba alibaki amekaa chini. Baada ya muda akachukua chaki yangu ya shule, akachora mstari kwenye jino moja la shafti. Akashika kidole changu kwa vidole vyake viwili, akakiweka pale. "Haya," akasema. Akakipeleka yeye mwenyewe, jino kwa jino, nami nikahesabu, na safari hii mdomo na kidole vilikwenda pamoja kwa sababu yeye ndiye aliyeshika. Tukarudi kwenye chaki.

"Ishirini," nikasema.

Akakiachilia kidole changu. "Kwa nini, Njoki?"

Nikamwambia. Nikamwambia habari ya Kamau na mtu wa kitabu, na kwamba sikutaka Njeru afe.

Sijui nilitarajia nini. Kiboko ningekipokea kwa mikono miwili. Baba alisema, "Gari si mbuzi," kwa sauti ndogo, kama anajiambia mwenyewe, akainuka akaenda kunawa. Alinawa sana. Alikuwa anatumia sabuni ya kufulia, na nilimwona akisimama na kile kipande mkononi, akikitazama.

Mboga za harusi zilipelekwa na mtu mwingine. Njeru alikaa pale uani hadi nyasi zikamfunika magurudumu, kisha akauzwa kipande kipande. Baba alipata kazi ya kukata nyasi na kupogoa ua katika nyumba za Karen, zile zile alizokuwa akiingia akipiga honi, na sasa aliingilia mlango mdogo. Alitembea kwenda na kurudi. Mimi nilimaliza mwaka mmoja zaidi wa shule, basi.

Na kila aliyeuliza Njeru alikufa nini, Baba alijibu hivi: "Ni yule mtu wa Grogani. Aliniuzia takataka." Alilisema kanisani, kilabuni, kwa ndugu. Alilisema hata mbele yangu, akinitazama machoni, na mimi nikanyamaza. Watu wa Satellite wote wakaacha kununua kwa Barasa.

Nilipokuwa msichana mkubwa nilianza kuuza mayai ya kuchemsha pale Grogani, kwa mafundi. Kisha bolti kuukuu kwenye gunia. Aliyenipa kona ya kuweka gunia langu alikuwa Barasa. Hakunitambua, au nilidhani hakunitambua. Alinifundisha kupima, kuweka alama, kulainisha sabuni. Miaka ilipita kabla sijapata moyo. Siku moja tunakunywa chai nikamwambia mimi ni nani, na kwamba sikuhesabu.

Akapuliza chai yake. "Nilijua siku ile ile. Mtoto aliyehesabu haangalii viatu."

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini, mama? Mwanaume amesimama dukani kwangu amevalisha mtoto sare. Nimwambie mtoto wako mwongo?" Akanywa. "Nikasema labda ataikubali sabuni."

Barasa alikufa nikiwa nimekwisha kupata duka langu mwenyewe. Baba hakwenda mazishi. Nilitaka kumwambia kwamba yule mtu alijua na alinyamaza kwa ajili yake. Kila nikifungua mdomo, kilichotoka kilikuwa habari ya chai.

Pale alipokufa Njeru sasa kuna gorofa tatu, zangu, na miaka miwili ya mwisho Baba alikaa nami nyumba ya chini. Macho yalikwenda yote, kisha akili nayo ikaanza kutoka taratibu. Mikono yake haikutulia, ilichana blanketi nyuzi. Nikamletea pleti moja kuukuu kutoka dukani, nikaiosha vizuri kwa sabuni, nikamwekea magotini. Akaishika. Akaingiza kidole gumba katikati, akaanza kukizungusha, midomo ikicheza. Ikawa ndiyo kazi yake. Akiichoka nilimletea nyingine, ya gari lolote.

Siku chache kabla hajatuacha alimaliza kuzungusha, akainua uso kuelekea pale aliposikia nimekaa.

"Ishirini," akasema.

Ile ilikuwa ya meno ishirini na manne. Nilikuwa nimeihesabu mwenyewe asubuhi, mara tatu, kwa chaki.

"Ishirini, Baba," nikamwambia. "Basi ni hiyo."